Maji Kwenye Silinda za Injini ya Boti: Yameingia Lini, na kwa Mlango Upi?

Injini ya boti, ile ya kufungwa nyuma, imegoma kuwaka, au inawaka kwa kusitasita huku silinda moja haishiki moto. Unafungua plagi, nayo inatoka ikichuruzika maji. Hapo wengi hutoa hukumu papo hapo: gasketi ya hedi, yaani bamba la kuziba kati ya silinda na kifuniko chake (hedi), imekwisha. Hedi inafunguliwa, gasketi mpya inawekwa, na baada ya safari chache maji yako palepale. Gasketi ya hedi ni mtuhumiwa halali, tena wa mara kwa mara, lakini ni mlango mmoja tu kati ya kadhaa. Kabla ya kushika spana kuna maswali mawili ya kujibu: maji yameingia lini, na yako kwenye silinda ipi? Majibu yake huwaondolea lawama watuhumiwa wengi kuliko geji yoyote.

Ila kabla ya uchunguzi, okoa injini kwanza. Stata ikigonga mara moja na kukwama, au flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya injini) ikikataa kuzunguka kwa mkono, usirudie kubonyeza. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda na kuyakuta yamejaa juu yake, kitakachokubali kupinda ni konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, na tatizo la gasketi litageuka kuwa tatizo la injini nzima. Vuta kwanza kamba ya usalama ili umeme wa plagi ukatike, maana mvuke wa petroli utakaotoka kwenye matundu unahitaji cheche moja tu kuwaka. Chomoa plagi zote, uzipange kwa mfuatano wake bila kuzichanganya, kisha zungusha injini taratibu hadi maji yote yatoke. Weka karatasi kavu mbele ya kila tundu, utaona silinda ipi imerusha maji na kwa wingi gani. Andika mahali, kwa sababu hicho ndicho kidokezo cha kwanza, na hakirudi mara mbili.

Kama huna nafasi ya kuiwasha siku hiyohiyo, nyunyiza oili nyepesi ndani ya kila silinda na uizungushe tena ili ienee. Maji ya chumvi huanza kula kuta za silinda ndani ya saa chache. Kwenye injini ya mipigo miwili hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa beringi za krenki zinaishi kwenye chumba kilekile unamopita mchanganyiko wa petroli na hewa, na hazina oili ya akiba inayozizunguka. Nimeona mafundi hodari wakitumia siku nzima kutafuta uvujaji huku kutu ikimaliza injini waliyotaka kuiokoa.

Sasa zitazame plagi. Silinda inayovuja maji kidogo kidogo wakati inafanya kazi huwa na plagi safi isivyo kawaida, kwa sababu mvuke huosha kaboni. Ukimulika tochi kwenye tundu, kichwa cha pistoni hiyo nacho huwa kimeng'aa, pengine upande mmoja tu, ule ulio karibu na mahali maji yanapoingilia. Plagi yenye kutu kwenye ncha inasema maji yamekaa humo kwa muda, injini ikiwa imezimwa. Na plagi zote zikiwa zimelowa sawasawa, usifikirie gasketi bado. Fikiria maji kwenye mafuta.

Kosa hili ni la kawaida mno, na kulithibitisha hakuchukui hata nusu saa. Toa petroli kutoka kwenye chujio au bakuli la kabureta, uiweke kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, uiache itulie. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwemo yatajitenga chini na utauona mpaka wake waziwazi. Petroli iliyochanganywa ethanoli ina hila yake: hunywa maji kiasi fulani bila kuonyesha, na ikizidiwa, maji na ethanoli hushuka pamoja chini ya tangi, palepale bomba linapovuta. Ikiwa boti inatembea baharini, kuna kipimo kingine kidogo. Dondosha matone yaliyotoka kwenye silinda juu ya bati safi jeusi na uyaache yakauke. Yakiacha alama nyeupe ya chumvi, yametoka nje ya boti, mara nyingi kwa njia ya kupoozea injini au kwa ekzosi. Yasipoacha kitu, rudi kwenye tangi.

Tuseme petroli ni safi. Ili kuelewa kinachofuata, lazima ujue maji yanapita wapi ndani ya injini hii. Gari lina rejeta na maji ya kwake, na yakipungua unajua yameenda mahali. Injini ya boti huteka maji inamoelea. Pampu yenye impela (kigurudumu cha mapanga) ya mpira, iliyo chini karibu na gia, huyasukuma juu kwa bomba, yanazunguka kwenye vijia ndani ya bloku, yanapita kwenye hedi na kuta za ekzosi, kisha yanarudi nje. Maji hayaishi, kwa hiyo hakuna kiwango cha kukutahadharisha kwamba yanapotea. Zaidi ya hapo, maji na moshi hutenganishwa na kuta nyembamba za alumini na gasketi kwa urefu wote wa injini. Gasketi ya hedi ni moja. Kuna gasketi ya kifuniko cha ekzosi ubavuni mwa bloku, ambayo kwenye injini nyingi za mipigo miwili ina bamba la ndani lenye gasketi pande zote mbili. Kuna gasketi ya kitako, pale bloku inapokaa juu ya mguu wa injini, ile sehemu ndefu inayoshuka majini. Na kuna alumini yenyewe, ambayo chumvi inaweza kuitoboa polepole kutoka ndani bila wewe kuona chochote nje.

Hapa ndipo swali la "lini" linapopata nguvu. Mchanganyiko unapolipuka ndani ya silinda, shinikizo lake huwa kubwa mara nyingi kuliko la maji kwenye vijia vya kupoozea. Kwa hiyo gasketi ya hedi iliyoanza kupasuka, injini ikiwa inavuta mzigo, haivuti maji ndani. Inasukuma moto nje, kwenye maji. Moshi huo hufukuza maji kwenye vijia, joto linapanda, kengele ya joto inalia, na mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini unaanza kukatikakatika au kutoa mvuke ingawa impela ni nzima. Maji huingia pale shinikizo linapogeuka: silinda inapovuta hewa mzunguko ukiwa mdogo, au dakika za mwanzo baada ya kuzima, maji yakiwa bado yanashuka kwenye vijia. Ndiyo maana mtu husema injini ilikimbia vizuri jana na leo asubuhi haiwaki. Hasemi uongo, na maneno yake yana taarifa yote unayohitaji: joto lilipanda jana, na maji yameonekana leo.

Linganisha na injini ambayo haijawahi kupata joto, haijawahi kupoteza nguvu, lakini ilizimika ghafla boti iliposimamishwa kutoka mwendo wa kasi. Boti ikikatishwa mwendo kwa ghafla, wimbi lake lenyewe huifuata na kuipanda nyuma. Maji yanapanda ndani ya mguu wa injini, na ikiwa injini inazimika wakati huohuo hakuna moshi wa kuyasukuma yarudi. Boti iliyobebeshwa mno nyuma, au injini iliyofungwa chini kuliko inavyotakiwa, iko karibu na ajali hii kila siku. Mbaya kuliko hilo ni kutia gia ya nyuma boti ikiwa bado inakimbia mbele. Propela inasukumwa na maji yanayopita, inaweza kuizungusha injini kinyume, na injini inayozunguka kinyume huvuta hewa kwa ekzosi. Ekzosi iko majini. Katika hali hizi hakuna kilichopasuka, na atakayebadilisha gasketi atabadilisha kitu kizima.

Kuna injini nyingine inayowaka vizuri kila ikiunganishwa na mpira wa maji nchi kavu, lakini ikishushwa majini inaanza kukosa silinda mzunguko ukiwa mdogo. Nchi kavu moshi unatoka kwa uhuru. Majini unasukumana na uzito wa maji, na kwa kuwa moshi hutoka kwa mapigo, katikati ya pigo na pigo huwa kuna kurudi nyuma kidogo. Kama gasketi ya kifuniko cha ekzosi inavujisha maji kwenye njia ya moshi, kule kurudi nyuma hurusha matone hadi ndani ya silinda. Ukiongeza kasi, moshi unakuwa mwingi, unayapuliza maji yote nje na injini inatulia. Mtu akikwambia injini yake inasumbua kwenye mwendo mdogo na inapona ikikimbia, na plagi zina maji, elekeza macho upande wa ekzosi kabla ya hedi.

Swali la pili, silinda ipi, linategemea umbo la injini hizi. Krenki imesimama wima, kwa hiyo silinda zimelala, moja juu ya nyingine, na kwa kawaida namba moja ndiyo ya juu kabisa. Maji yanayoingia kwa ekzosi, yawe yamepanda kutoka chini au yamevuja kwenye kifuniko, hukusanyika chini. Silinda ya chini kabisa ikiwa na maji peke yake, ekzosi na gasketi ya kitako ndizo za kwanza kwenye orodha. Silinda mbili jirani zikiwa na maji pamoja, tazama ule ukuta mwembamba wa gasketi ya hedi kati yao. Silinda moja ya juu au ya katikati ikiwa na maji peke yake, hasa baada ya joto kupanda, hiyo ni gasketi ya hedi, hedi iliyopinda, au ufa hapohapo. Na silinda zote zikilowa wakati petroli ni safi, fikiria maji yaliyoingia kwa juu: wimbi lililopiga kifuniko cha injini, mvua iliyopita kwenye mpira uliochakaa wa kifuniko hicho, au injini iliyolazwa vibaya baada ya kushushwa, maji ya mguuni yakatiririka hadi kwenye silinda.

Majibu hayo mawili yakishakaa sawa, vipimo vinakuja kuthibitisha. Cha kwanza ambacho kila fundi anacho ni geji ya kompresheni, inayopima silinda inabana hewa kwa shinikizo gani. Pima injini ikiwa na joto, plagi zote zikiwa nje, umeme wa plagi ukiwa umekatwa, kaba ya gesi (mlango wa kuingizia hewa) ikiwa wazi kabisa na betri ikiwa imejaa, na zungusha idadi ileile kwa kila silinda. Injini nyingi za mipigo miwili husoma kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 90 na 130, na za mipigo minne kwa kawaida huwa juu ya hapo, ila zile zenye kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha husoma chini. Namba yenyewe si muhimu sana kama tofauti. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ina kesi ya kujibu.

Lakini geji hii ina udhaifu ambao umewapoteza wengi, nami ningependa ueleweke vizuri. Kompresheni nzuri haimaanishi kwamba hakuna maji yanayoingia. Tundu dogo kama ncha ya sindano kati ya kijia cha maji na silinda halishushi namba kwa kiasi cha kuonekana, ilhali usiku kucha linaweza kupitisha maji ya kutosha kuzuia injini kuwaka. Na uvujaji wa kifuniko cha ekzosi hauonekani kabisa kwenye geji, kwa sababu hauko ndani ya sehemu inayobanwa. Kusema "kompresheni iko sawa, kwa hiyo si gasketi" ni kukata kesi bila kumsikiliza shahidi mkuu.

Kipimo kinachosema zaidi ni kusukuma hewa kwa kompresa ndani ya silinda, kwa kawaida psi 100, pistoni ikiwa juu kabisa. Shikilia flaiwili vizuri au uifunge, kwani hewa hiyo inaweza kuizungusha kwa nguvu ya kuvunja vidole. Fungua kifuniko cha thamostati, ile valvu inayodhibiti joto la maji ya kupoozea, na ujaze maji kidogo pale. Mapovu yakitokea, hewa imepita kutoka silinda hadi kwenye njia ya maji, na sasa una haki ya kufungua hedi. Kwenye injini ya mipigo miwili, pistoni ikiwa juu, matundu ya ekzosi yanakuwa yamefunikwa. Maana yake kipimo hiki kinahukumu hedi na sehemu ya juu ya silinda peke yake. Silinda ikifaulu bila povu hata moja na bado inapata maji, hedi imepata msamaha wake, na lawama inashuka kwenye ekzosi, kitako, au ukuta wa silinda ulio chini ya pistoni.

Kwa hao waliobaki, geuza kipimo: weka hewa kwenye njia za maji badala ya silinda. Mguu unashushwa, matokeo yote ya maji yanazibwa kwa bamba na mpira, na hewa ya psi 10 hadi 15 inaingizwa kwenye bloku. Plagi zikiwa nje, sikiliza kwenye kila tundu, paka maji ya sabuni kwenye maungio, uangalie kama geji inashuka. Ni kazi ya karakana, si ya ufukweni, na ufa mwingine hufunguka bloku ikiwa ya moto tu, kwa hiyo fundi mwangalifu huipasha kwanza. Inachosha, lakini hakuna kipimo kingine kinachokuonyesha alumini iliyoliwa kutoka ndani.

Kifaa ambacho kimerahisisha kazi hii kuliko vyote ni kamera ndogo ya waya inayopita kwenye tundu la plagi na kuonyesha picha kwenye simu. Endesha injini kwa muda hadi tatizo lijitokeze, izime, toa plagi, uingize kamera mara moja. Maji yakitiririka kutoka kwenye ukingo wa juu, panapokutana hedi na silinda, ni gasketi ya hedi. Yakichungulia kwenye tundu la ekzosi la injini ya mipigo miwili, ni kifuniko au bamba lake. Kwenye mipigo minne, matone kuzunguka valvu ya kutolea moshi yanaelekeza njia hiyohiyo, na kutu kwenye valvu hizo ni ushahidi wa muda mrefu. Mchirizi unaoanzia katikati ya ukuta wa silinda ndio habari mbaya kuliko zote: ufa, au tundu la kutu. Jambo moja la tahadhari: usiache mpira wa maji ukisukuma kwa nguvu kwenye mguu wa injini iliyozimwa ukidhani unaharakisha uvujaji. Kwenye injini nyingine maji hayo hupata njia ya kuingia kwenye ekzosi na hata silinda, nawe utakuwa umejitengenezea dalili ya uongo. Kila injini ina namna yake ya kuoshwa, na kitabu chake ndicho kinachosema.

Injini ya mipigo minne ina shahidi wa ziada, nayo ni oili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji, na tone lake likidondoshwa juu ya bati la moto hutatarika. Oili iliyopanda juu ya kiwango lakini ikabaki nyeusi na kunuka petroli ni tatizo jingine, la mafuta yasiyoungua, na halihusiani na gasketi. Vilevile oili ya gia iliyo chini kwenye mguu ikiwa nyeupe, hiyo inatokana na sili za shefti. Oili hiyo haikutani na silinda popote, na nimesikia injini zikivunjwa kichwa kwa ajili yake.

Ukifungua hedi, usitupe gasketi ya zamani kabla ya kuisoma. Mahali ilipopasuka pana njia ya kutu au ya masizi kutoka kwenye kijia cha maji hadi kwenye silinda, na njia hiyo inapaswa kulingana na plagi iliyolowa na upande wa pistoni ulioosheka. Zisipolingana, mlango bado hujaupata. Pima unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma na filageji, zile bamba nyembamba za kupimia mwanya. Kwenye injini nyingi mwisho unaokubalika ni takriban milimita 0.1, na kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi. Kisha tafuta kilichoipinda. Hedi hupindishwa na joto, na joto hilo lina mwenyewe: thamostati iliyoganda, chumvi iliyoziba vijia, au kipande cha impela ya zamani kilichokatika na kukwama juu huko. Impela mpya ikifungwa bila kuvitafuta vipande vya ile ya kwanza, gasketi mpya itakwenda njia ileile. Angalia pia anodi zilizo ndani ya bloku au hedi, yaani vipande vya chuma vinavyowekwa viliwe na chumvi badala ya injini. Zikiwa zimekwisha, chumvi imeshahamia kwenye kingo zinazobeba gasketi, na uso uliochimbika hauzibwi na gasketi yoyote hadi usawazishwe.

Boliti kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa. Halafu rudia jaribio lenye hali ileile iliyoleta maji mwanzoni. Kama yalionekana asubuhi baada ya safari ndefu, nenda safari ndefu, iache hadi asubuhi, na toa plagi kabla ya kugusa ufunguo. Kama yalionekana majini mwendo ukiwa mdogo, jaribio la nchi kavu na mpira wa maji halithibitishi kitu, hata injini ikiunguruma vizuri namna gani.